Mkwe Kwenye Dishi la Pili

Tumpe ni muuguzi wa kituo cha afya kule Uyole, na kwa kazi hiyo wanaume wengi wazima wa eneo lile wameshamgeuzia makalio ili wachomwe sindano. Mwenyekiti wa mtaa, mwinjilisti, mwalimu mkuu mstaafu, wote ameshawaona walivyo, na wote wakikutana naye sokoni humsalimia kwa heshima ya ziada. Yuko mwanamume mmoja tu ambaye Tumpe hajawahi kumtazama usoni, na huyo wanakaa naye kiwanja kimoja. Ni baba mkwe wake.

Desturi yenyewe ni ya Kinyakyusa na ni ya zamani: mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, hali naye, hasemi naye, hatamki jina lake. Mjini Mbeya imekwisha kufa. Wachungaji waliisema kwenye mahubiri kwa miaka mingi bila mafanikio, kisha zikaja nyumba za kupanga zikaimaliza katika msimu mmoja, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kumkwepa mkwe katika vyumba viwili na korido. Lakini Mzee Abrahamu, baba mkwe wa Tumpe, ana kiwanja kikubwa. Ni mzee wa kanisa mstaafu, Mlutheri, aliyeacha pombe, tumbaku na mganga kwa mpigo mmoja siku aliyobatizwa. Hilo la wakwe hakuliacha. Alisema amesoma Biblia yote na hakuona mahali lilipokatazwa.

Mzee anakaa nyumba ndogo ya uani, yenye mlango unaotazama migomba. Tumpe na mumewe Ombeni wanakaa nyumba kubwa ya mbele. Alipoolewa akitokea Tukuyu, mama mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alimfundisha masharti kwa nusu saa tu jikoni. Ukisikia kikohozi, ingia ndani. Mkikutana njiani, geukia shambani ushike jani lolote kama unayechuma mboga. Tangu hapo Tumpe amechuma mboga nyingi asizozihitaji. Uso wa mkwe wake anaufahamu kwa picha ya kwenye kadi ya bima, ambapo mzee ametoka kama mtu anayetafutwa na polisi.

Jina ndilo lililomsumbua zaidi. Kanisani likifika somo la Mwanzo, Tumpe humpisha Faustina, jirani yake wa benchi, asome yeye. Kazini akija mgonjwa anayeitwa Abrahamu, humwita kwa namba ya benchi.

Mambo madogo ya nyumbani huwa yanapitia kwa mbwa. Mbwa anaitwa Jimi. "Jimi, maji ya kuoga yamepoa," mzee husema akiwa nyuma ya migomba, naye Tumpe humjibu Jimi kutoka dirishani kwamba mengine yako jikoni. Jimi hulala katikati akisikiliza pande zote mbili, na haijatokea hata siku moja akapotosha neno. Lakini jambo zito halipitishwi kwa mbwa. Jambo zito hupita kwa Ombeni.

Mtu anaweza kuuliza habari za simu. Wazee wa ukoo walishalikalia kikao hilo, miaka ile simu zilipoenea, wakaamua kwamba simu ni kuonana, tena ni vibaya zaidi, kwa kuwa mtu anakuingia sikioni. Ujumbe wa maandishi waliuruhusu. Bahati mbaya mzee hauoni bila miwani, na miwani ilikaliwa na mjukuu, kwa hiyo anayemsomea ni Ombeni.

Ombeni anauza vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Si mtu mbaya. Ni mtu anayependa chakula chake kikae mezani saa yake na asisikie ugomvi akiwa anakula. Alipoanza kazi ya kupeleka maneno aliyapeleka kama alivyoyapokea, ikaleta taabu. Mzee aliposema mboga ina chumvi, Tumpe alilia. Mara ya pili mzee aliposema mboga ina chumvi, Ombeni alifika mbele akasema, "Mzee anashukuru." Hakuna aliyelia. Basi tangu siku hiyo akawa anayasafisha kidogo maneno yakiwa njiani, kama mtu anayepepeta mchele wa wageni, na nyumba ikakaa kwa amani iliyosifiwa hadi kanisani.

Mwaka huu Tumpe alipata nafasi ya kwenda kusoma stashahada ya uuguzi chuoni Iringa. Miaka yote ameshika cheti, akiwafundisha kazi wasichana wanaokuja na stashahada zao na kisha kuwa wakubwa wake. Alishaomba mara tatu. Mpango wake ulikuwa rahisi: yeye na binti yao Bupe, wa darasa la nne, wapange chumba Iringa, Ombeni na mzee wabaki Uyole. Chuo kilitaka jibu Jumatatu. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, naye alitaka jibu Jumatatu, kwa kuwa kama Tumpe haendi, nafasi anaichukua mwingine, na huyo mwingine alikuwa ameshaanza kuuliza hali ya hewa ya Iringa.

Lakini mwanamke hawezi kuuhama mji wa mkwe wake bila neno la mkwe. Tumpe alimtuma Ombeni. Ombeni akaenda uani, akakaa huko muda wa kutosha, akarudi akiwa ameinamisha kichwa.

"Mzee amekataa," alisema.

"Amesemaje?"

"Amekataa tu. Unamjua mzee."

Tumpe hakumjua mzee, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Alikaa na jibu hilo wiki nzima. Jumamosi yake ilikuwa siku ya shule ya Bupe kutembelea Jumba la Sayansi mjini Mbeya, na wazazi walikaribishwa.

Jumba hilo zamani lilikuwa ghala la kahawa. Limepakwa rangi ya bluu, na mlangoni pameandikwa TAFADHALI GUSA. Maandishi hayo yaliwatatiza wazazi. Wengi wao walikuwa watu waliokulia katika nyumba zenye kabati la vioo ambalo ndani yake kuna vikombe visivyonywewa chai na mtu yeyote aliye hai, na waliwalea watoto wao hivyo hivyo. Watoto walivamia. Wazazi walisimama karibu na ukuta, mikono nyuma, hadi msichana mwongozaji, Zuena, mwenyeji wa Iringa mjini aliyejifunga ushungi wa kijani uliolingana na fulana ya kazi, akaja kuwabembeleza.

"Wazazi wangu, karibuni. Hapa kila kitu kinaguswa. Kisipoguswa hakifanyi kazi."

"Na kikivunjika?" aliuliza baba mmoja.

"Kikivunjika tunakitengeneza, mzee wangu."

"Nani analipa?"

"Hakuna anayelipa."

Baba yule alimtazama Zuena kwa huruma, akarudisha mikono nyuma.

Mzee Abrahamu alikuwapo. Bupe ndiye aliyemwomba, na mzee huyo hajawahi kumkatalia Bupe kitu isipokuwa miwani mipya ya kukalia. Alikuja na Ombeni kwenye pikipiki, Tumpe akaja na basi la shule. Ndani ya jumba kazi ya Tumpe ikawa moja tu: kujua mzee yuko wapi ili yeye asiwe pale. Kofia ya pama ya mzee ilimsaidia. Kofia ikienda kushoto kwenye baiskeli inayowasha taa, Tumpe alikwenda kulia kwenye pampu ya maji. Kofia ikija kwenye pampu, Tumpe alikumbuka baiskeli. Aliendesha baiskeli ile mara tatu. Taa iliwaka vizuri sana.

"Mama, umependa baiskeli?" Bupe aliuliza.

"Napumzisha mgongo."

Ubaya wa jumba ni kwamba limejengwa kwa kuzunguka, na watu wawili wanaokwepana kwa kuzunguka hatimaye hukutana. Tumpe alipoona kofia inakuja upande wake, aliinama akapita kwenye mlango mweusi uliokuwa karibu. Hakusoma kibao. Kibao kilisema CHUMBA CHA VIOO.

Mzee naye, alipoona kitenge cha mkwewe mbele yake, aligeuka kwa adabu akaingia chumba hicho hicho kwa mlango wa pili.

Vioo vile vimepangwa kwa pembe, kimoja kikimpa kingine. Tumpe aliinua macho, na badala ya mkwe mmoja ambaye hakumtazama maisha yake yote ya ndoa, akaona wakwe kama kumi na watano. Wengine walimtazama mbele, wengine ubavuni, mmoja alikuwa kichwa chini. Aligeuka, wakageuka naye. Alijifunika kitenge usoni, akaona kwa upenyo wa kitambaa kwamba wakwe wote wamejifunika kofia usoni. Wakatoka mbio, kila mmoja kwa mlango wa mwenzake.

Alipotoka, Tumpe alitafuta mahali pa kugeuzia uso. Katika kona ya jumba palikuwa na dishi kubwa kama la televisheni, refu kumzidi mtu, limesimama likitazama ndani ya ukumbi, na mbele yake kuna kigoda. Akakaa kwenye kigoda, uso kwenye dishi, mgongo kwa ulimwengu. Alijipima mapigo mwenyewe kwa mazoea, akayakuta kama ya mgonjwa ambaye angempeleka kwa daktari.

"Vioo gani hivi visivyo na adabu," dishi likasema.

Tumpe akashika kigoda.

"Na hili nalo," dishi likaendelea, "limekaa kama beseni la kufulia."

Hiyo sauti aliijua. Ni ile inayomwambia Jimi maji yamepoa. Aligeuza kichwa kidogo sana, akaona ng'ambo ya ukumbi dishi jingine kama lake, na mbele yake mgongo wa koti la kijivu, na kofia. Mzee alikuwa amekimbilia kona ya pili kwa sababu ile ile. Kati yao palikuwa na jumba zima, darasa la nne lote na kelele zake. Pembeni ya dishi palikuwa na kibao, na safari hii Tumpe alikisoma: NONG'ONA HAPA. MWENZAKO ATAKUSIKIA KULE.

Angeweza kunyanyuka. Mama mkwe angemwambia anyanyuke. Badala yake alifungua kinywa, na kilichotoka ni kile kinachomtoka kila mgonjwa anapomlalamikia.

"Pole, baba."

Dishi likauliza, chini sana, "Nani?"

"Mama Bupe."

Tumpe aliingoja kofia isimame iondoke. Haikusimama.

"Uko wapi?" mzee akauliza.

"Kona ya huku. Nimekupa mgongo."

"Na mimi nimekupa mgongo."

"Ndiyo, baba."

"Basi hatujaonana."

"Hatujaonana."

Mzee alikohoa, kikohozi kile kile cha kumwambia mtu aingie ndani, ila safari hii hapakuwa na ndani pa kuingia. "Wazee walikaa kikao juu ya simu," akasema. "Juu ya beseni hawakukaa. Mimi nitasema na beseni. Atakayesikia, amesikia."

"Sawa, baba."

"Beseni, nauliza hivi. Mtu amepata shule, shule ya kazi yake, Iringa hapo, si Ulaya. Kwa nini anaikataa?"

Tumpe alisogeza uso hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye bati. "Nani ameikataa?"

"Mama Bupe. Ombeni aliniambia. Kwamba hawezi kuniacha mzee mgonjwa peke yangu."

"Mimi niliambiwa wewe ndiye umekataa."

"Mimi?"

"Kwamba umekataa tu."

Watoto walikuwa wanapiga kengele fulani mahali, na mmoja alilia kwamba zamu yake imeibwa. Tumpe alifikiri mzee ameondoka, akaogopa kugeuka kuangalia, akabaki anatazama ukungu wake ukikauka.

"Ombeni," mzee akasema mwishowe, kama mtu anayesoma jina la dawa. Kisha akasema, "Subiri. Na mimi nina langu. Aliponiambia hutaki kwenda, sikuuliza mara mbili. Nilifurahi. Nikala vizuri siku ile. Kwa hiyo usimwekee yeye yote."

Tumpe hakuwa amejiandaa kwa hilo. Akashika swali la kiuguzi.

"Dawa ya presha unameza?"

"Nameza. Cheupe asubuhi, cha njano jioni."

"Cha njano ndicho cha asubuhi, baba. Cheupe ndicho cha jioni."

"Ombeni alisema cheupe asubuhi."

"Ndiyo maana unaamka usiku kwenda haja."

"Unajuaje naamka usiku?"

"Jimi anabweka."

Mzee akatoa sauti ambayo kwenye dishi ilikuja kama bati limekwaruzwa. Ilimchukua Tumpe muda kutambua kwamba ni kicheko. Hakuwahi kukisikia kwa karibu hivyo.

"Jibu linatakiwa lini?" mzee akauliza.

"Jumatatu."

"Na chakula huku nani atapika?"

"Ndilo ninalowaza, baba."

"Ombeni ana mikono. Namwona kila siku anafungua injini za watu."

Zuena alikuwa ameshafika karibu, na nyuma yake foleni ya watoto. "Mama yangu, samahani, tunaomba na wengine wajaribu. Mmekaa sana."

"Dada, nipe dakika," Tumpe alisema bila kugeuka. "Naongea na beseni."

Zuena alitazama ng'ambo, akamwona mzee naye ameinamia dishi lake na mwongozaji wa upande ule akimbembeleza vile vile. Akaona ni watu waliokutana na sayansi kwa mara ya kwanza, akawageukia watoto kuwaambia wapange mstari vizuri.

Ombeni aliingia kutoka nje na chupa mbili za soda. Hakumwona mkewe mara moja. Aliona kofia ya baba yake, akaiendea. Tumpe alijua amefika kwa kuwa sauti yake ilikuja kwenye dishi, mbali kidogo, kama mtu wa chumba cha pili.

"Baba, soda yako."

"Weka chini. Kuna neno ulipeleke kwa mama Bupe."

"Neno gani?"

"Mwambie nimesema aende Iringa akasome. Hivyo hivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Baba, si tuko matembezini. Haya tutayaongea nyumbani."

"Nenda."

"Nitamwambia jioni, akiwa ametulia."

"Yuko kona ile. Nenda sasa."

Tumpe alikaa sawa kwenye kigoda, akatengeneza kitenge. Hayo maneno alikuwa ameshayasikia yote, moja moja. Kilichobaki ni kuona yatamfikiaje kwa njia yake ya kawaida. Ombeni aliuvuka ukumbi taratibu, akisimama kutazama baiskeli, akisimama kutazama pampu, akimpapasa kichwa Bupe aliyekuwa kwenye foleni, kama mtu anayetumaini jumba litafungwa kabla hajafika. Alifika.

"Kumbe uko hapa," alisema, akampa soda.

"Niko hapa."

"Mzee anauliza." Ombeni alikohoa, kwa namna ya ukoo wao. "Anauliza kama umechoka. Kama umechoka, turudi nyumbani."

Tumpe alifungua soda, akanywa kidogo. Kisha akaligeukia dishi.

"Baba, anasema unauliza kama nimechoka."

Ombeni alimtazama mkewe, akatazama dishi, akaenda kuchungulia nyuma yake. Nyuma palikuwa na ukuta.

"Ombeni," dishi likasema.

Ombeni alirudi mbele. Watoto wa foleni walinyamaza, wakiona kwamba hapa kuna jambo zuri kuliko kengele.

"Rudia," dishi likasema.

Alitazama ng'ambo, kwenye mgongo wa koti la kijivu ambao haukusogea. Inawezekana alikuwa anahesabu kichwani ni maneno mangapi mengine yalishapita mikononi mwake, na mangapi kati ya hayo yangeweza kuulizwa leo. Kama ni hivyo, hesabu ilimshinda.

"Mzee anasema uende Iringa ukasome," alisema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hakuongeza kitu."

"Haya. Mwambie nimesikia. Na mwambie ndaga," Tumpe alisema, akishukuru kwa Kinyakyusa.

"Si amekusikia mwenyewe?"

"Mimi sisemi na mzee," Tumpe alisema. "Unajua masharti. Nenda."

Ombeni alisimama kidogo, akitafuta kasoro katika hoja hiyo. Hakuipata. Akauvuka ukumbi tena, safari hii bila kusimama kwenye baiskeli, na Bupe pamoja na nusu ya darasa la nne wakimfuata nyuma kuona maneno yanavyofika. Tumpe alibaki na uso kwenye bati, akisubiri.

"Anasema amesikia," dishi likasema kwa sauti ya Ombeni. "Na anasema ndaga."

"Vizuri," dishi likasema kwa sauti ya mzee. "Hebu inuka, mama Bupe, tuwaachie watoto."